Basel na kura ya Picasso: nani aamue fedha za mji?

Basel umejengwa kaskazini mwa Uswisi, pale Mto Rhine unapopinda kuelekea kaskazini na mipaka ya Uswisi, Ufaransa na Ujerumani inapokutana. Desemba 1967, wapiga kura wa kantoni (yaani jimbo) ya Basel-Stadt, ambamo mji huo umo, waliulizwa kama serikali yao itoe faranga milioni 6 kununua michoro miwili ya Pablo Picasso. Michoro hiyo ilikuwa katika jumba la sanaa la Kunstmuseum kwa mkopo wa wakfu wa familia ya Staechelin. Familia hiyo ilihitaji fedha baada ya ndege ya Globe Air, kampuni ambayo mmoja wao alikuwa na hisa nyingi, kuanguka Saiprasi mwezi Aprili na kuua watu 126. Bei ilikuwa faranga milioni 8.4, na milioni 2.4 zilizopungua wakazi walizichanga wenyewe, sehemu kubwa katika tamasha la mitaani waliloliita sherehe ya ombaomba. Waliounga mkono walishinda kwa kura zaidi ya 32,000 dhidi ya 27,000 hivi, na Picasso, kwa kuguswa na jambo hilo, akaizawadia Basel kazi zake nyingine nne.

Kisa hiki husimuliwa kama ushahidi kwamba wananchi wakiaminiwa huchagua vizuri. Naona sifa hiyo imewaacha nje waliostahili sehemu yake, yaani wapinzani. Baraza Kuu la kantoni lilikuwa limekwisha kuidhinisha fedha, na kama wapinzani wasingetumia haki yao ya kudai kura, ununuzi ungebaki uamuzi wa madiwani. Hoja yao nayo ilikuwa nzito: mwenye kipato kidogo ana haki ya kuuliza kwa nini kodi yake inunue picha kutoka kwa familia tajiri iliyopata hasara katika biashara. Kushindwa kwao hakukuifanya hoja hiyo kuwa ya uongo, ila kuliwalazimu wapenzi wa sanaa kutoka ukumbini na kujieleza barabarani.

Upande wa pili, historia ya mji huu inaonyesha kwamba wachache nao wameweza kuona mbali. Mwaka 1661, walipohofia kwamba hazina ya sanaa ya familia ya Amerbach, yenye kazi za mchoraji Hans Holbein, ingeuzwa nje, wakuu wa mji waliinunua, na miaka kumi baadaye ikafunguliwa kwa watu wote. Hakuna mtu wa kawaida aliyepiga kura, na faida yake inaonekana hadi leo. Hata hivyo, utawala wa wakubwa wa mjini ulikuwa na gharama yake. Watu wa vijijini, waliokuwa wengi kuliko wa mjini lakini wenye sauti ndogo barazani, walijitenga mwaka 1833 baada ya mapigano. Mali ikagawanywa, hata vyombo vya dhahabu vya kanisa kuu, na vijiji vikapewa theluthi mbili za vyombo hivyo, ambazo mwaka 1836 ziliuzwa kwa mnada. Pambo la dhahabu la madhabahu ya kanisa hilo sasa liko Paris.

Swali zito zaidi, kwa maoni yangu, ni nani anayehesabiwa kuwa mwananchi. Wanawake wa Basel-Stadt walipata haki ya kura mwaka 1966, miaka mitano kabla ya wenzao kuipata katika ngazi ya taifa, hivyo kura ya Picasso ilikuwa pia kura yao. Leo zaidi ya theluthi ya wakazi ni wageni, wengi wakivutwa na kampuni za dawa kama Roche na Novartis. Novemba 2024 wapiga kura waliidhinisha faranga zipatazo milioni 37 kwa mashindano ya nyimbo ya Eurovision, na siku hiyo hiyo wakakataa kuwapa wageni walioishi hapo muda mrefu haki ya kupiga kura. Waliokataa wanasema njia ya kupata kura ni kuomba uraia, na ni kweli kwamba njia hiyo ipo. Lakini mgeni aliyelipa kodi hapo kwa miaka mingi aligharamia tamasha lile sawasawa na jirani yake raia, na hakuulizwa.