Ndege za Majini: Kwa Nini Zilitoweka, na Je, Bwawa la Mtera Linazifaa?

Mwaka 1932, shirika la Imperial Airways la Uingereza lilipofungua njia ya ndege kutoka London hadi Cape Town, Dodoma ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Ndege ilitoka Nairobi, ikapitia Moshi, ikatua Dodoma, kisha ikaelekea Mbeya na kuingia Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Miaka mitano baadaye njia kuu ilihamishiwa pwani. Ndege mpya za shirika hilo, zenye tumbo la boti badala ya magurudumu, zilitoka Southampton, zikafuata Mto Nile hadi Port Bell na Kisumu, zikashuka Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, na kuishia Durban. Dodoma, isiyo na ziwa wala bahari, ikawekwa kando.

Naanza na historia hiyo kwa sababu kuna hoja inayojirudia kila panapozungumzwa usafiri wa anga nchini: kwamba nchi yenye Ziwa Victoria, Ziwa Tanganyika, Ziwa Nyasa, visiwa na mabwawa makubwa haina haja ya kutumia mabilioni ya shilingi kujenga viwanja, ilhali maji yapo na hayahitaji lami. Kwa sisi wa Dodoma, kidole huelekezwa Bwawa la Mtera. Hoja hiyo ina mashiko kuliko wanavyodhani wanaoicheka, lakini ikifikishwa Mtera inakwama.

Wahandisi wa miaka ya 1930 hawakuchagua maji kwa kupenda mandhari. Serikali ya Uingereza ilitaka barua zote za kawaida za makoloni zisafirishwe kwa ndege, na mzigo huo ulihitaji ndege kubwa. Ndege iliyotengenezwa na kiwanda cha Short kwa kazi hiyo ilikuwa na uzito wa takriban tani 18 ikiwa imejaa, na viwanja vingi vya Afrika wakati huo vilikuwa vya nyasi na udongo, vinavyogeuka tope masika yakianza. Maji hayana tope, na hayana kikomo cha urefu. Faida hii ya pili ndiyo iliyofanya hata ndege zenye kasi kuliko zote duniani ziwe za majini: bawa dogo linalofaa kwa kasi linahitaji mbio ndefu kabla ya kupaa, na ziwa linaitoa mbio hiyo bure. Mwaka 1934 ndege ya Kiitaliano Macchi M.C.72 ilifikia kilomita 709 kwa saa, na hadi leo hakuna ndege ya majini yenye injini ya pistoni iliyoipita.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikabadilisha hesabu. Majeshi yalimwaga zege kila pembe ya dunia, na vita vilipokwisha, mashirika ya abiria yalirithi viwanja imara ambavyo yenyewe yasingemudu kuvijenga. Ndege-boti ikabaki na gharama zake bila faida yake. Tumbo lake lazima liwe refu kwenda juu ili mapangaboi yasipigwe na maji, na tumbo hilo husukumana na hewa na kula mafuta safari nzima, ingawa kazi yake ni ya dakika chache za kupaa na kutua. Chumvi hula bati. Kila kituo kilihitaji boti za kusafisha njia, za kubeba abiria, za kujaza mafuta na za kuweka taa usiku. Mwaka 1952 Uingereza ilirusha Saunders-Roe Princess, ndege-boti yenye injini 10. Zilijengwa tatu, ikaruka moja tu, na hakuna hata moja iliyowahi kubeba abiria wa kulipa nauli. Shirika la BOAC, lililorithi Imperial Airways, lilikuwa limekwisha kuziacha ndege-boti tangu Novemba 1950.

Kuna anayeweza kujibu kwamba mambo hayo ni ya bahari, na kwamba bara la Afrika lilikuwa na uzoefu wake. Ni kweli, na hapa ndipo upande wa pili una ushahidi wake mzuri. Kati ya mwaka 1948 na 1950, ndege-boti za Solent za BOAC zilitua Ziwa Naivasha kwa ajili ya abiria wa Nairobi, na zilimaliza safari katika bwawa la Vaal, ambalo lilijengwa kuhifadhi maji ya matumizi, kwa ajili ya abiria wa Johannesburg. Kama bwawa la bara liliweza kuwa uwanja wa Johannesburg, kwa nini Mtera lisiwe uwanja wa Dodoma? Tena maji yetu ni baridi, kwa hiyo ule ulaji wa chumvi unapungua sana.

Basi tulitazame Mtera lenyewe. Bwawa hilo lililoko kwenye Mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa Dodoma na Iringa, lilijengwa kuwa ghala la maji ya kuzalishia umeme, hapo hapo na kule Kidatu upande wa chini. Uso wa maji yake ukiwa juu kabisa uko mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, na wa chini kwa ajili ya mitambo ni mita 690. Tofauti ya mita 8 na nusu ni ndogo kwenye bonde lenye kuta, lakini Mtera limekaa kwenye tambarare, kwa hiyo maji yakipungua ufukwe unarudi nyuma mbali sana, na gati lililojengwa Mei litakuwa limesimama kwenye majani Novemba. Anayeamua maji yafunguliwe lini ni mwenye mitambo ya umeme, na hawezi kuahirisha kuzalisha umeme ili ndege ya saa nne asubuhi ipate kina.

Halafu kuna visiki. Anayepita barabara ya Iringa, inayovuka juu ya ukuta wa bwawa, huiona miti iliyokufa ikiwa imesimama majini tangu bonde lilipojazwa. Ile inayoonekana haitishi. Inayotisha ni iliyokatika chini kidogo ya uso wa maji. Mwezi Machi 1939 ndege-boti ya Imperial Airways iitwayo Corsair ilipotea njia, ikatua kwa dharura katika Mto Dangu, kaskazini mashariki mwa Kongo, na ikatobolewa na jiwe lililokuwa chini ya maji. Ililazimu kujenga boma la kuinua maji ya mto, na ndege hiyo haikupaa tena hadi Januari 1940. Jiwe moja, miezi kumi.

Ongeza nyavu na mitumbwi ya wavuvi wa Migoli na vijiji vingine, ongeza viboko na mamba, na bado kuna swali ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote hayo: abiria anaenda wapi? Mtera iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Dodoma mjini. Mtu akitua hapo bado ana safari ya barabarani inayozidi muda aliotumia angani kutoka Dar es Salaam. Tangu mwaka 2024 treni ya SGR humfikisha Dodoma kwa takriban saa nne, na Uwanja wa Msalato umepangiwa barabara ya kurukia ya kilomita 3.6 kaskazini mwa mji. Abiria wa Vaal wa mwaka 1948 hakuwa na treni ya namna hiyo.

India ililijaribu jambo hili kwenye bwawa. Oktoba 2020 ilizinduliwa safari ya ndege ya majini kutoka Mto Sabarmati, Ahmedabad, hadi kwenye sanamu kubwa ya Sardar Patel karibu na bwawa la Sardar Sarovar. Kabla ya hapo, mamba wengi walinaswa na kuhamishwa kutoka kwenye maji yaliyokusudiwa. Ndege ilikuwa moja, Twin Otter ya kukodi kutoka Maldives, na ilipohitaji matengenezo ilibidi irudi huko huko Maldives. Aprili 2021 safari zilisimama.

Maldives kwenyewe, hata hivyo, biashara hiyo inastawi, kama ilivyo Vancouver nchini Kanada. Abiria wa Maldives anataka kufika kwenye kisiwa, na ndege inamshusha kwenye kisiwa hicho hicho. Abiria wa Vancouver anashuka katikati ya jiji. Sehemu yetu inayofanana na hizo ni ufukwe wa Ziwa Tanganyika. Mgeni wa Hifadhi ya Mahale leo hutua kwenye kiwanja kidogo kisha akapanda boti, na vijiji vingi vya mwambao huo vimekuwa vikitegemea vyombo vya majini huku meli ya MV Liemba ikisimama kwa vipindi virefu. Ndege ndogo yenye maboya ya kuelea majini na magurudumu pamoja inaweza kuruka Kigoma uwanjani na kutua kando ya kijiji chenye mgonjwa. Itabeba mzigo mdogo, kwa kuwa maboya na magurudumu ni uzito. Haitatua usiku, na ziwa likichafuka haitatua kabisa. Ziwa likitulia kama kioo nako kuna hatari yake, maana rubani hushindwa kukadiria umbali kati yake na maji.

Kazi ya kuzima moto ina hesabu tofauti. Ndege aina ya Canadair CL-415 huchota takriban lita 6,100 kwa sekunde 12 ikiwa mbioni juu ya maji, na baada ya mioto ya Mlima Kilimanjaro ya Oktoba 2020 na Oktoba 2022 wazo hilo si la kubeza, kwa kuwa Bwawa la Nyumba ya Mungu haliko mbali. Kinachonipa shaka ni kumiliki mashine ya gharama kubwa inayosubiri moto wa mara moja kwa miaka kadhaa. Kuitumia kwa pamoja na majirani wa Afrika Mashariki kungeingia akilini zaidi.

Kwa safari za Tanganyika ningetaka sharti moja liandikwe ndani ya leseni kabla ya mengine yote. Kampuni ije na ndege mbili, na karakana yenye mafundi wa maboya iwe Mwanza au Kigoma, ili siku ndege moja inapofunguliwa injini, mjamzito wa kijiji cha mwambao asiambiwe kwamba chombo chake kimekwenda kutengenezwa ng'ambo.