Kadi ya Pili na Wazee wa Mikorosho

Kibanda umiza cha mjomba wangu, hapa Mtwara vijijini, huonyesha muvi za Kichina zenye sauti ya DJ anayetafsiri huku akitia chumvi zake. Kompyuta ya pale niliiunda mimi. Ina kadi mbili za grafiki: ya zamani inapeleka picha kwenye projekta, na mpya niliichomeka kwa ajili ya shughuli zangu. Makubaliano yetu yalikuwa rahisi: umeme wa mjomba, kadi yangu, wateja wasijue lolote.

Shughuli yenyewe ni programu ya kutambua magonjwa ya mikorosho kwa picha za majani. Ukiiachia prosesa ya kawaida yenye viini vinne vya kuhesabia, itahesabu mpaka minada ya korosho iishe. Kadi ya grafiki ina viini mamia kwa maelfu, na vyote vinafanya kazi wakati mmoja, kama akina mama kwenye kubangua: kila mmoja na korosho yake, gunia linaisha.

Jioni ile watu walijaa mpaka mlangoni. Nikakagua orodha ya kadi: ya zamani namba 0, mpya namba 1. Nikaiagiza programu itumie namba 1, nikaegemea ukuta kwa raha zangu.

Kumbe ile orodha huhesabu kwa kufuata nafasi kadi ilipochomekwa, na CUDA, yaani mfumo wa Nvidia ambao programu yangu huutumia kuipa kadi mahesabu, isipoambiwa vingine, huanza na kadi yenye kasi kuliko zote. Kwa CUDA, mpya ndiyo 0. Namba 1 ni ile kongwe, yenye projekta na wateja wote wa mjomba.

Picha ikaganda. Shujaa yuko hewani, mguu mbele, mdomo wazi. Sauti haikuganda, maana haipiti kwenye kadi ile, kwa hiyo DJ akaendelea kutangaza: "Anampiga teke! Anaanguka! Mama yake analia!" Sisi tunamtazama mtu anaelea tu. "Huyu hashuki?" akauliza mmoja.

"Mjomba!" mjomba akaniita, kwa ile sauti ya msibani.

Kabla sijafika kwenye kibodi, programu ikamaliza duru yake, na kama ilivyo desturi yake ikafungua dirisha lenye jani moja na jibu. Ukuta mzima ukawa jani la mkorosho, limeandikwa kwa herufi nene: UBWIRI UNGA.

Kibanda kikanyamaza. Kisha mzee mmoja wa mstari wa mbele akasimama.

"Ubwiri unga gani huo? Unga uko wapi hapo?"

"Shikamoo mzee, ni kompyuta tu inajifunza..."

"Marahaba. Iambie haijui. Madoa meusi hayo, na kichomozo kimekauka. Huyo ni mbu wa mikorosho."

Jirani yake akapinga kwamba ni ugonjwa wa chule. Wa tatu akasema wote wawili wakapimwe macho. Kijana wa nyuma akataka kujua salfa inafaa au haifai, akajibiwa na watu sita kwa mpigo, kila mmoja na dawa yake. DJ naye hakuacha: "Sasa kisasi kimeanza!"

Kadi kongwe ikazidiwa. Windows ikiona kadi haijaitika kwa sekunde 2, huiwasha upya draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, na kuiua kazi iliyokuwa inaendelea. Ukuta ukawa mweusi, programu ikafa, na muvi ikarudi, shujaa akiwa tayari harusini.

Nikauweka mpangilio wa CUDA_DEVICE_ORDER uwe PCI_BUS_ID, yaani CUDA nayo ihesabu kadi kwa nafasi zilipochomekwa, ili hesabu zote mbili zilingane, nikageuka kuomba radhi.

"Zima hiyo," mzee akasema, akionyesha harusi. "Rudisha lile jani, hatujamaliza."

Mjomba akanisogelea, mkono kwenye kikopo cha mapato.

"Mjomba, hayo majani yako... unayo mangapi?"