Mbolea wanapewa na nani?

Mjomba wangu analima tumbaku huko Tabora, zaidi ya miaka ishirini sasa. Juzi kati nilikuwa namsimulia habari za Zimbabwe, jinsi wazungu walivyonyang'anywa mashamba na watu wakagawana, na nikajua kabisa ataniuliza kuhusu Mugabe, rais wao wa wakati ule, kama wanavyouliza wote. Wapi! Mzee kanyamaza kidogo halafu akasema, "Sasa mjomba, hao waliopewa hayo mashamba mbolea wanapewa na nani?"

Nikababaika. Na kadiri ninavyolitafuta jibu naona hilo ndo swali lenyewe, hayo mengine tunayogombania huku mtandaoni ni kelele tu.

Kwanza niseme kitu nisije nikaeleweka vibaya, yale mashamba kurudishwa ilikuwa haki. Sheria ya ardhi ya 1930 iliigawa nchi kwa rangi ya ngozi, wazungu ambao walikuwa kiduchu wakajipimia karibu nusu ya nchi, tena ile yenye udongo mwekundu na mvua za uhakika, na Waafrika wakasukumiziwa kwenye mchanga ambao hata muhogo unajiuliza mara mbili. Vita ikapiganwa kwa sababu hiyo (na sisi tulikuwa na mkono wetu, wapiganaji wa ZANU, chama kilichokuja kutawala, walifundishwa Mgagao kule Iringa), halafu mwaka 1979 pande zote zikaenda London kwenye mazungumzo ya Lancaster House, wakatoka na katiba inayosema kwa miaka 10 shamba lisichukuliwe kwa nguvu, serikali inunue kwa anayetaka kuuza. Hebu fikiria, mtu yuko kwenye ardhi ya babu yako, wewe umeshinda vita, halafu unaambiwa usubiri mpaka yeye ajisikie kuuza na bei apange yeye! Serikali iliahidi kuzihamishia mashambani familia 162,000, miaka ya tisini inaelekea ukingoni hata nusu walikuwa hawajafika. Mwaka 1997 waziri wa Uingereza, Clare Short, akaandika barua kwamba serikali yao mpya haioni kama ina jukumu la pekee la kulipia mashamba hayo, na akaongezea kwamba yeye mwenyewe asili yake ni Ireland, kwa hiyo kwao walitawaliwa, hawakutawala. Sijui alitegemea watu wa Harare wampe pole au vipi.

Kwa hiyo 2000 ilipofika, serikali imeshindwa kura ya maoni ya katiba mwezi wa pili, maveterani wa vita wana hasira, chama kinaona uchaguzi unakuja na upinzani una nguvu, ikawa kama petroli na kiberiti. Kishona wana neno jambanja, yaani vurugu, fujo, na ndivyo watu wanavyouita mpaka leo ule msimu wa kuvamia mashamba. Watu walipigwa, wengine waliuawa, wazungu na weusi.

Ila wanaoniuma mimi zaidi ni vibarua. Yale mashamba yalikuwa na wafanyakazi laki tatu na kitu ukiacha familia zao, na wengi babu zao walitoka Malawi, Msumbiji na Zambia, wameletwa na wakoloni kufanya kazi. Sasa kauli ya wakati ule ilikuwa mwana wevhu, mtoto wa udongo, ardhi irudi kwa mtoto wa udongo. Huyu aliyezaliwa kwenye kambi ya shamba, na baba yake kazaliwa hapohapo, amelima ule udongo kuliko yeyote, anaambiwa we si wa hapa. Hana kijiji cha kurudi, Malawi hajawahi kufika, kazi imeisha, na kwenye mgao wengi hawakuambulia kitu. Hawa huwasikii kwa wanaomsifia Mugabe wala kwa wanaomlaani.

Yaliyofuata tunayajua, uzalishaji ukaanguka, hela ikafa kifo cha aibu mpaka mwanzoni mwa 2009 wakatoa noti ya trilioni 100. Wengi wetu hadithi ya Zimbabwe tuliifungia hapo kwenye picha ya ile noti. Lakini angalia tumbaku. Mwaka 2000 walivuna karibu kilo milioni 237, 2008 wakashuka mpaka milioni 48, watu wakasema si tuliwaambia, mtu mweusi hawezi kilimo. 2018 wakafika milioni 252, na 2023 karibu milioni 296, kuliko ile ya wazungu wakiwepo, na safari hii wakulima waliojiandikisha ni zaidi ya laki moja, wengi wao wanalima tumbaku hekta moja moja au mbili. Sasa waliosema mtu mweusi hawezi wakae wapi?

Hapo ndo linarudi swali la mjomba. Zamani mzungu alikuwa na hati, anaipeleka benki, anapewa mkopo, ananunua mbolea anakotaka. Baada ya 2000 ardhi yote ile ikawa ya serikali, mkulima mdogo wa mpango wanaouita A1 akapewa kibali na yule mkubwa wa A2 akapewa barua, wengine mkataba wa miaka 99, na benki wakiziangalia hizo karatasi wanacheka. Kwa hiyo ikaingia kampuni ya tumbaku, kazi ya benki ikaifanya yenyewe. Leo zaidi ya asilimia 90 ya tumbaku ya Zimbabwe inalimwa kwa mkataba, kampuni inakuletea mbegu, mbolea, dawa, saa nyingine na hela ya vibarua, bei ya hivyo vitu inapanga yenyewe, mwisho wa msimu unaipelekea tumbaku hiyohiyo kampuni, inakata deni lake kwanza halafu wewe unapewa kilichobaki. Ukitorosha marobota ukauze kwingine wewe ni mwizi.

Nilipomweleza hivyo mjomba alicheka sana. "Basi ni sisi hao hao." Kuna mwaka alirudi kutoka sokoni na karatasi ya makato ndefu kuliko hela aliyoishika. Na yeye hajawahi kunyang'anya shamba la mzungu.

Na kuni je, mkulima mdogo hana makaa ya mawe ya kukaushia, anakata miti, bani moja, yaani banda la kukaushia tumbaku, linameza miti kama tembo, ukipita maeneo ya tumbaku unaona kabisa msitu ulivyorudi nyuma.

Mahindi nako ni hivyohivyo, kasoro mwenye mbolea ni serikali. Wana mpango wa Pfumvudza, unachimba vishimo kwa jembe la mkono kwenye kieneo cha mita 39 kwa 16, unaweka matandazo, unapewa mbegu na mbolea ya kieneo hicho. Kitaalamu sina ugomvi nao, kwenye ukame vile vishimo vinashika maji kweli. Ila ukipewa mbolea na serikali kila mwaka, na serikali na chama huko ni chungu kimoja, siku ya kupiga kura unajua mwenyewe. Na 2024 ukame wa El Niño ulipopiga, mwezi wa nne rais akatangaza hali ya janga, vishimo na kila kitu vikakauka. Pampu na mabomba ya umwagiliaji vingi viliibiwa au kufa wakati wa jambanja, na vilivyobaki vilijengwa kwa ajili ya shamba moja kubwa, sasa wako watu arobaini humo, nani analipia umeme?

Sasa kuna hili jipya, Desemba 2024 rais Mnangagwa alizindua utoaji wa hati, yaani waliopewa ardhi wapate karatasi ambayo benki itaikubali na inaweza kuuzwa. Watu wengi wameshangilia. Mimi nusu nashangilia nusu naogopa. Mwenye A2 sawa, ni mfanyabiashara, apambane. Lakini huyu wa A1 mwenye hekta sita, anaweka hati benki mwaka huu, mwakani mvua inakata, benki inabisha hodi, na eneo linauzwa. Wanasema ardhi hiyo itauzwa kwa wazawa tu, haya, kwani kigogo wa Harare mwenye magari sita si mzawa? Ndani ya miaka ishirini ramani ya 1930 inaweza kurudi, isipokuwa rangi imebadilika. Mi ningesema mkulima wa A1 apewe hati ndiyo, asitimuliwe na diwani wala mbunge, lakini isiruhusiwe kushikwa kwa deni, akope kwa mazao yaliyoko ghalani. Najua stakabadhi ghalani kwetu kwenye korosho tunailalamikia kila msimu, bado naona afadhali kugombania gunia kuliko kugombania shamba.

Halafu hiyo hati inaandikwa jina la nani? Ripoti ya serikali yenyewe ya 2003 ilionyesha wanawake waliopewa ardhi kwa majina yao kwenye A1 walikuwa asilimia 18 tu, wakati ukienda shambani anayeinama ni nani?

Hili nalo nilimpelekea mjomba. Akasema karatasi za shamba lake ziko kwenye sanduku la mkewe, chini ya khanga, na ufunguo hajui uliko. Nikamuuliza kwa nini. "Kwa sababu najijua," akasema, akaendelea kula ugali wake.