Ile Haikuwa Bamia

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuishika menyu. Ukiingia mgahawa wa Kihindi na wakwe, menyu mwachie mwenye njaa, usimwachie mwenye maneno. Na mimi siku ile nilikuwa na maneno. Tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, shemeji yangu, na mama mkwe, ambaye hakuwahi kuingia mgahawa wa aina hiyo na ambaye, kwa hesabu zangu, alihitaji mwalimu.

"Mama," nikaanza, "hapa watu hukosea kabla hata chakula hakijafika."

Na kweli hukosea. Watu wanne huagiza bakuli nne za mchuzi, sahani nne za wali na naan nne, halafu meza haitoshi, na nusu ya chakula inaondoka kwenye vikopo. Mimi hesabu yangu ni hii: bakuli tatu za mchuzi wa nyama, mboga moja, dengu bakuli moja, wali sahani mbili, naan tatu. Kila kitu kinakaa katikati na watu wanachota. Wali wa pilau wa mgahawani hutosha watu wawili, na naan si chapati ya kula peke yako. Ni pana, inavimba, na mwisho wake inakuzuia usiufikie mchuzi ulioujia.

Mama akatikisa kichwa kwa adabu. Shemeji akasema, "Endelea, shem, tunasikiliza," kwa sauti ile ya mtu anayengoja uanguke.

Zikaja papadi kwanza, zile kaki nyembamba zinazovunjika kwa kishindo, pamoja na vibakuli vinne: kachumbari ya vitunguu, chatini tamu ya embe, mtindi wenye mnanaa, na achari ya ndimu. Nikaeleza kwamba chatini huchotwa kwa kijiko lakini achari huguswa tu kwa ncha ya uma, kwa kuwa ni chumvi, mafuta na ndimu zilizokaa siku nyingi kwenye chupa. Shemeji alikuwa ameshachota kijiko kizima. Uso ukamkunjamana, macho yakapotea, kisha akameza na kusema ni tamu. Ukoo ule hawakubali kushindwa. Ningepaswa kuliona hilo mapema.

Tukaja kwenye majina. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Menyu nyingi za migahawa hii zimeshika ngazi ya ukali iliyozoeleka Uingereza: chini korma, laini, yenye krimu na lozi au korosho, katikati zinakaa bhuna na dopiaza, juu yake Madras, halafu vindaloo, na kileleni kabisa phaal, ambayo ukiiagiza mhudumu hukuuliza mara mbili. Nikamweleza mama kwamba dopiaza maana yake ni vitunguu mara mbili: vingine hupikwa na mchuzi tangu mwanzo, vingine hutiwa karibu na kuiva. Kwamba Madras ni jina la mji, ambao tangu 1996 rasmi unaitwa Chennai. Kwamba vindaloo haina uhusiano na viazi, ingawa wapishi wengi huvitia kwa sababu kwa Kihindi "aloo" ni kiazi. Jina lenyewe ni la Kireno, vinha d'alhos, yaani nyama iliyolazwa kwenye divai na kitunguu saumu. Wareno waliiteka Goa mwaka 1510, divai ikawa taabu kupatikana, ikashikwa siki ya mnazi badala yake. Na pilipili yenyewe ni Wareno walioileta, kutoka Amerika. Kabla ya hapo, Mhindi akitaka ukali alikuwa na pilipili manga na tangawizi.

"Kumbe," akasema mama. "Kwa hiyo wewe unaagiza nini?"

Mtu aliyehutubia kiasi hicho hawezi tena kula korma mbele ya wakwe. Nikaagiza vindaloo ya kuku. Kwa mama, korma. Kwa mke wangu na shemeji, rogan josh ya kondoo, mchuzi mwekundu usio mkali sana. Mboga, bamia za masala.

Mke wangu akaniuliza taratibu, "Vindaloo unaiweza?"

"Wewe acha."

Chakula kilifika haraka, na hili nalo nikalieleza. Jikoni kwao huwa na sufuria kubwa la vitunguu vilivyochemshwa mpaka vikalainika kabisa, pamoja na tangawizi, kitunguu saumu na manjano, vikasagwa vikawa uji. Huo ndio mchuzi mama. Ukiagiza, mpishi anachoma viungo vyako kwenye mafuta, anatia nyama iliyokwisha kuiva, anamimina upawa miwili mitatu ya mchuzi mama juu ya moto mkali, na baada ya dakika kumi hivi umepata Madras. Jirani yake, kwa sufuria ileile, amepata bhuna. Ndiyo maana bakuli hufanana. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe: bakuli hufanana.

Mhudumu akapanga mezani bakuli tatu. Moja ilikuwa ya rangi ya maziwa yaliyotiwa manjano. Mbili zilikuwa nyekundu, nazo chini ya taa zile hafifu walizodhani zinapendezesha, zilikuwa mapacha.

Mama akazitazama zile nyekundu, akarudisha mkono.

"Usiogope wekundu, mama," nikasema. "Wekundu si ukali. Hii nyekundu inatokana na pilipili ya Kashmir, ambayo wanaitia kwa ajili ya rangi. Kuna kipimo cha ukali, alikibuni Mmarekani aitwaye Wilbur Scoville mwaka 1912. Pilipili ya Kashmir ni kama 1,000 hadi 2,000. Zile ndogo kali zinapita 50,000. Kwa hiyo nyekundu ile unaweza kula bila wasiwasi wowote."

Nilikuwa nanyoosha kidole kwenye rogan josh. Naapa ilikuwa rogan josh. Ila kidole kina upana wake, na bakuli zilikuwa zimegusana.

Mama akasema ahsante, akachukua kijiko, akajipakulia vindaloo. Vijiko vitatu, vimejaa.

Nilipaswa kusema neno palepale. Lakini mdomo wangu wakati huo ulikuwa na shughuli, maana nilikuwa nimeanza na bamia.

Bamia za masala hupikwa kavu, na vitunguu, nyanya na binzari nyembamba, na wapishi wengi hutupia ndani pilipili mbichi nzimanzima zilizopasuliwa ubavuni. Kutofautisha ni rahisi kama una taa. Bamia ina mbavu, kwa kawaida tano, na ukiigusa ina vinyweleo kidogo na utelezi. Pilipili mbichi haina mbavu. Ngozi yake inang'aa, na kikonyo chake ni chembamba, kimepinda kama ndoana. Mimi niliishika kwa kikonyo. Nikakiona kimepinda. Nikajiambia, hii bamia imekonda kidogo. Nikaitia yote mdomoni, nikatafuna.

Sekunde ya kwanza hakuna kitu. Sekunde ya pili nikawaza, mbona inalia kama karoti? Bamia iliyoiva hailii.

Watu husema ukali uko kwenye mbegu. Si kweli, mbegu zinaambukizwa tu. Ukali uko kwenye ule utando mweupe unaoshikilia mbegu, na mimi nilikuwa nimeusaga wote, kutoka kikonyoni hadi nchani. Kapsaisini ikishika ulimi haiunguzi kitu. Inachofanya ni kubonyeza vihisio vilevile vinavyoamka ukila kitu cha moto, kwa hiyo ubongo unapata taarifa kwamba mdomo unawaka, na ubongo hauna namna ya kuhakikisha. Wangu haukutaka kuhakikisha. Uliamuru maji kila mahali: puani, machoni, kichwani kwenye kipara.

Nikamtazama mama. Alikuwa amechukua kipande cha kwanza cha vindaloo, anakipeleka mdomoni. Nikainua mkono kumzuia. Sauti iliyotoka ilikuwa "hhhha".

"Karibu, mwanangu," akasema mama, akala.

Nikashika bilauri ya maji, nikaimaliza. Najua maji hayafai. Kapsaisini haiyeyuki kwenye maji; unaichukua kutoka mahali pamoja na kuigawa mdomo mzima kwa usawa. Nilikuwa nimemweleza mama hilo hilo dakika ishirini kabla. Nikanywa na soda ya shemeji, ambayo ni mbaya zaidi, maana gesi yake nayo inachoma. Shemeji akasema, "Taratibu, shem, iko nyingine."

Mhudumu akaja. Nikafanikiwa kusema "lassi".

"Tamu au ya chumvi?"

Swali la haki, kwa siku nyingine. Nikatikisa kichwa juu chini, kwa maana ya yoyote, ndugu yangu, yoyote. Akaelewa ya mwisho aliyoitaja. Akaenda kuniletea lassi ya chumvi yenye binzari nyembamba juu. Ni mtindi uliopigwa na maji, na kisayansi ingenisaidia, kwa kuwa kwenye maziwa kuna protini iitwayo kasini inayoizoa kapsaisini kutoka kwenye ulimi. Lakini ilichukua dakika nne kufika, na katika dakika nne mtu mwenye akili yangu hufanya mengi.

Nilifuta machozi. Kwa vidole. Vile vilivyoshika kikonyo, vilivyopasua naan, vilivyozungusha ile "bamia" kwenye masala.

Jicho la kulia likafunga duka.

Sasa mezani kulikuwa na bakuli dogo la maji ya vuguvugu lenye kipande cha limau, la kunawia vidole. Naomba ieleweke kwamba nilijua kazi yake. Nilijua limau limewekwa kukata mafuta ya mkononi. Ila jicho moja lilikuwa limefungwa, la pili linaona mvua, na kitu pekee kilichofanana na maji safi kilikuwa kile. Nikachota kwa kiganja, nikajimwagia usoni.

Meza ya jirani waliacha kula. Nilisikia vijiko vikitulia kimoja baada ya kingine.

"Acha maji hayo," ikasema sauti tulivu. Ilikuwa ya mama. "Wewe, mtoto, niletee mtindi mtupu na mafuta kidogo ya kupikia. Na wewe, mshike mumeo mkono asigonge mlango."

Walinifikisha kwenye sinki kama bwana harusi. Na hapa ndipo nilipofundishwa, kwa mpangilio ambao sijausahau. Kwanza mikono, siyo jicho. Ukianza na jicho unalipaka upya. Vidole vipakwe mafuta, visuguliwe mpaka kwenye kucha, kwa kuwa pilipili hukubali mafuta na hukataa maji. Kisha sabuni, mara mbili. Ndipo jicho, kwa maji safi yanayotiririka, ukiwa umeinamisha kichwa upande wa jicho lenyewe ili maji machafu yasivukie la pili, ukipepesa, bila kusugua, dakika kumi na zaidi. Nilihesabu vigae ukutani kwa jicho lililobaki. Mdomoni nilipewa mtindi, kijiko kikubwa, na amri: usimeze. Uuzungushe, uukalishe juu ya ulimi, kisha ndiyo umeze, uchukue mwingine.

"Nani alikufundisha, mama?" nikauliza nilipopata ulimi.

"Nimesaga pilipili tangu sijaota meno ya utu uzima," akasema. "Hebu pepesa."

Tuliporudi mezani nilikuwa na uso wa mtu aliyetoka msibani. Lassi ya chumvi ilikuwa inaningoja. Nikakumbuka vindaloo, nikageuka kwa hofu kumtazama mama vizuri: jasho je, mikono inatetemeka? Hakuna. Alikaa, akachukua kipande cha mwisho cha naan, akalipangusa bakuli la vindaloo mpaka maua ya sahani yakaonekana.

"Ulisema kweli," akaniambia. "Wekundu si ukali. Huu una siki nzuri, ila wangeongeza pilipili kidogo tu ingekuwa imekaa sawa."

Shemeji alikuwa ameinamia simu, mabega yanatikisika. Mke wangu alikuwa anasoma orodha ya vitamutamu kwa makini makubwa, ameishika juu chini.

Kilichobaki katikati ya meza ni korma, haijaguswa. Basi nikavuta korma. Nilikula kijiko kimoja kimoja, na krimu na korosho zake, jicho likichuruzika kwenye wali, na nasema bila aibu kwamba ni chakula kizuri sana na watu wanakionea. Mafuta yale ya krimu yalifanya kazi ambayo lassi ilikuwa imeanza. Nusu bakuli ikanishinda.

Bili ilikuja na kisahani cha shamari na sukari ya mawe, ile wanayotoa ili utafune, kinywa kinukie vizuri na tumbo litulie. Mama alimwita mhudumu kando, wakanong'ona, akaonyesha bakuli la korma. Baada ya muda kijana akarudi na kikopo kimefungwa vizuri, akampita mama, akampita mke wangu, akakiweka mbele yangu kwa mikono miwili.

Juu ya kifuniko alikuwa ameandika kwa kalamu nene: "Korma. Ya mtoto."