Jaji Achunguzwe, ila kwa Utaratibu Gani?

Nje ya mahakama za Kisumu, na Nakuru pia, malalamiko mengi huhusu tarehe. Mtu ametoka Nyakach kwa nauli ya kukopa, kesi yake ya shamba inatajwa, inaahirishwa, anaambiwa arudi baada ya miezi kadhaa. Hapo anaanza kuamini kwamba kuna mtu amehongwa. Huenda ni kweli, huenda faili limekwama kwa karani. Hana namna ya kujua.

Katiba ya Kenya ya 2010 haikumwacha mikono mitupu. Kifungu cha 168 kinamruhusu mtu yeyote kuiomba Tume ya Huduma za Mahakama ianzishe hatua za kumwondoa jaji. Tume ikiridhika humwandikia Rais, naye ana siku 14 za kumsimamisha jaji huyo na kuunda jopo la uchunguzi. Lakini wanaotaka Ujaji Mkuu tumewatazama wakihojiwa kwenye televisheni tangu 2011, ilhali malalamiko dhidi ya majaji walio kazini huchujwa mbali na macho yetu.

Wanaotetea faragha hiyo wana hoja nzito, na mimi siipuuzi. Mwaka wa 2003, serikali ya Kibaki ilipoahidi kuisafisha mahakama, majaji 23 walisimamishwa na majina yao yakajaa magazetini kabla hawajajitetea. Mmoja alikuwa Philip Waki. Alikataa kujiuzulu, jopo likamwondolea lawama, akarudi kazini. Mwaka wa 2008 ndiye aliyeongoza tume iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi, ikaketi Nakuru na Kisumu kuwasikiliza waliofiwa na waliofurushwa makwao. Watu wa huku wangempoteza mtu huyo kwa sababu ya vichwa vya habari. Isitoshe, mwanasiasa aliyeshindwa kortini hupenda sana kulia ufisadi. Mapema 2024 Rais Ruto aliwashutumu majaji hadharani bila kumtaja hata mmoja, wakati mahakama zilikuwa zimeizuia mipango yake.

Kwa hiyo nakubali tuhuma zianzie faraghani. Nisichokubali ni ziishie humo. Tume ikitupa lalamiko, itoe sababu zake kwa maandishi, hata kama jina la jaji limefichwa.

Tena kuna jambo lisiloharibu jina la mtu yeyote. Kanuni za kesi za madai zinataka hukumu itolewe ndani ya siku 60 tangu kesi imalize kusikilizwa. Jaji akichelewa, lazima aandike sababu na nakala imfikie Jaji Mkuu. Mwenye kesi ndiye anayeihitaji zaidi nakala hiyo. Ibandikwe kwenye ubao wa mahakama, pamoja na tarehe mpya ya hukumu. Kamati za watumiaji wa mahakama, ambamo polisi, mawakili na wananchi huketi na mahakimu, ziisome katika kila kikao na kuuliza kwa nini sababu ileile imejirudia.