Baba Mkwe na Choo cha Gede

Baba mkwe alipotoka Tanga kuja kututembelea Malindi, mke wangu alinipa amri moja tu: "Mpeleke kwenye magofu ya mji wa kale wa Gede, na usimchoshe." Mzee ni mtu wa kujivunia kwao. Tangu tunapanda matatu ananihadithia magofu ya Tongoni na makaburi yake ya minara, hadi makanga akasahau kutudai nauli. Nikaona heshima ya Malindi yote imo mikononi mwangu.

Tukaingia. Nikamwonyesha kuta za mji, wa nje na wa ndani, matumbawe na chokaa. Akaugonga mmoja kwa bakora. "Tongoni hivi hivi." Nikampeleka kwenye kaburi lenye tarehe, mwaka 802 Hijria, yaani 1399. "Mmh." Nikamwambia Wareno walikaa Malindi miaka na miaka, kilomita kama 15 tu kutoka hapa, wala mji huu hawakuuandika. Hapo akacheka. "Waliogopa kima."

Kima wa Gede kweli hawana haya. Na mzee alikuwa na ndizi kisukari mbili mfukoni mwa koti.

Tukafika kwenye majumba. Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kufukua hapa 1948, aliyapa majina ya vitu vilivyookotwa ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma. (Yangu wakija kuifukua wataiita Nyumba ya Chaja Mbovu.) Katika mojawapo nikanyoosha mkono kwenye kona: "Na hapa, Baba, ni choo. Zamani hizo watu walikuwa na msala humu humu ndani."

Mzee akanitazama kwa shukrani ambayo kaburi la 1399 halikuipata.

"Mwanangu, umejuaje?"

Akavua koti, akalitundika ukutani, akanikabidhi bakora. "Nisimamie hapo mlangoni."

Mliooa mnanielewa. Mbele ya mkwe, choo hukitaji ila kiwe cha kale. Nimwambieje? Baba, usi... usi nini? Nikajikaza.

"Baba, hicho ni cha makumbusho!"

"Ndiyo maana kisafi," akajibu, kashapotea nyuma ya ukuta.

Nikauona uamuzi wa UNESCO wa 2024, wa kuiingiza Gede kwenye Urithi wa Dunia, unafutwa kwa sababu ya ukoo wetu. Na mara nikasikia sauti ya mtembeza wageni: "Sasa watoto, twende tukaone vyoo vyao!"

Likaja darasa zima, sare za buluu, madaftari mkononi. Nikasimama mlangoni na bakora yangu kama askari wa lango.

"Hapa hapaingiliki," nikasema. "Kuna ukarabati."

Mzee aliposikia watu, akafanya kama afanyavyo mtu yeyote mwenye adabu aliye msalani: akakohoa. Kikohozi kirefu, cha onyo.

Mtoto mmoja wa mbele akaacha kuandika. "Mwalimu, ukarabati unakohoa."

Sijui ningejibu nini. Kima ndiye aliyeniokoa. Alishuka mtini, akalipitia koti, akapanda nalo juu ya ukuta. Mzee akachomoka mbio, mkono mmoja kwenye mkanda, mwingine unatisha hewani. "Koti langu! Mwizi! Koti la harusi!" Watoto wakashangilia. Kima akatoa ndizi ya kwanza, akaimenya taratibu, akaila huku anamtazama mzee usoni. Akala na ya pili. Koti akaliangusha juu ya kichwa cha mtembeza wageni, na maganda yakafuata.

Namshukuru yule kima mpaka leo, maana mkanda haukuwa umefunguliwa bado. Urithi wa dunia ulisalimika. Mtembeza wageni akatuongoza, bila neno, hadi kwenye vyoo vya wageni, vya karne hii.

Usiku, tukila, mke wangu akamuuliza baba yake ameionaje Gede.

"Kwa vyoo wametushinda Tongoni," akasema mzee. "Ila milango waweke."