Rangi ya ukutani ikae ukutani

Jana nimetumiwa video moja na watu watatu tofauti, kila mmoja na maneno yaleyale: "Hii ndiyo kazi yako." Kijana ana ubao wa mninga wenye ufa na kikombe cha epoksi, ile gundi ya majimaji mawili, resini na hadina, yanayochanganywa ili yagande. Anachota rangi ya maji iliyobaki kwenye ndoo baada ya kupaka sebule, anakoroga, anamimina, video inakatika, mara tunaona meza inang'aa. Ushauri wake: tumia rangi yoyote uliyonayo nyumbani, na ikichelewa kukauka ongeza hadina.

Hongera zake. Mimi ningependa kuiona meza hiyo wiki mbili baadaye, ikiwekewa gazeti juu.

Nina machungu kwa sababu ujinga huo niliufanya mwenyewe. Shangazi ana kibao cha mbuzi alichoachiwa na bibi, na masika moja kilipasuka pale pa kukalia. Nikajitia fundi. Nikachanganya epoksi, nikatia kijiko kizima cha rangi ya maji ya kahawia, nikaziba ufa. Siku ya tatu ukigusa, alama ya kidole inabaki. Siku ya saba nikajiambia imetosha, nikampelekea. Shangazi akakaa, akakuna nazi mbili, akainuka na kibao kikainuka naye, kimeng'ang'ania kanga. Kanga yenyewe ilikuwa mpya. Hilo sitalisimulia zaidi.

Tatizo linaanzia kwenye neno "kukauka". Rangi ya maji hukauka maji yakiondoka. Epoksi haikauki, inaganda: resini na hadina zinashikana mpaka zinakuwa kitu kimoja kigumu. Ukiitilia maji, yanafungiwa humo humo. Yanaweka ukungu, yanaharibu ule mshikamano, na unachopata ni ulimbo. Rangi za keki nazo, zile za majimaji, ni maji vilevile, kwa hiyo msinijibu na hizo.

Na hili la kuongeza hadina ndilo linanipandisha presha hasa. Limetoka kwa mafundi wa puti za magari na faibaglasi, na kwao liko sahihi: kule resini ni poliesta, hadina ni kiasi kidogo tu cha kuiamsha, na ukizidisha kidogo inawahi kushika. Epoksi sivyo. Kama kopo limeandikwa mbili kwa moja, basi kila mililita 100 za resini zinataka 50 za hadina, kwa sababu hizo 50 zinaingia kwenye kazi yenyewe. Ukitia 70, zile 20 hazina mwenzi wa kushikana naye. Zinabaki humo, laini, milele. Halafu mtu anakuja kuniambia epoksi ya siku hizi feki!

Sasa rangi itoke wapi? Itoke kavu. Unga mwekundu wa sakafu, ule uliotia wekundu sebule za bibi zetu tulizokuwa tukisugua nta, ni oksaidi ya chuma, na jua haliufifishi. Duka la vifaa vya ujenzi wanao. Kwa weusi, masizi yaliyochekechwa, ncha ya kisu tu. Unga wowote, koroga kwanza na resini peke yake mpaka mabuje yaishe, ndipo utie hadina. Ukianza kupambana na mabuje baada ya hadina, kwa joto la Dar la Januari epoksi itakugandia kikombeni. Na usizidishe: gramu mbili tatu kwa gramu mia ya mchanganyiko zinatosha kabisa. Vaa barakoa, unga ule hauchagui mapafu.

Kwa kuziba nyufa, hata oksaidi mara nyingi huihitaji. Piga msasa kipande cha mbao ileile, kusanya vumbi, lianike juani likauke, changanya. Jua tu kwamba litatoka jeusi kuliko ulivyotegemea, kama mbao inavyokolea ukiimwagia maji. Ukitaka kuona rangi ya mwisho, dondoshea tone kwenye kipande cha mbao na usubiri kesho. Kusubiri kesho ndiko hakuingii kwenye video.

Haya, nakubali: rangi maalumu za epoksi zinazoagizwa ni nzuri, na ukitaka mfano wa mto wa maji ya buluu katikati ya meza, masizi hayatakusaidia. Na yupo atakayesema alitia tone la rangi ya mafuta na epoksi ikawa ngumu. Najua. Tone moja huwa linapita. Watu hawatii tone.

Kibao cha shangazi nilikirudia. Nilichimbua ule ulimbo kwa patasi jioni nzima, nikafuta kwa spiriti, nikajaza upya kwa vumbi la mninga na chembe ya oksaidi. Kesho yake nilikigonga kwa kucha kikalia kama kigae. Upande mmoja umezidi wekundu, maana chembe ya mwisho niliitia mchanganyiko ukiwa umeshaanza kupata moto, haikuenea. Shangazi amekikagua, amekigeuza, amekinusa. Kisha akatandika gunia juu yake ndipo akakaa.